Marehemu Aliyeigiza Mwenyewe

Jumamosi saa nane mchana wanawake wa Lihutu walifika kwenye ukumbi wa shule na kuni kichwani, wengine na unga na maharage, wakaulizia jiko liko wapi. Albina alikuwa juu ya ngazi akiziba madirisha kwa magunia ya kahawa. Akawaambia hakuna msiba, ni filamu.

"Filamu ya nani?" Mama Baltazar akauliza.

"Ya Getrude."

"Basi ni msiba," akasema, akatua kuni.

Filamu ilikuwa ya dakika arobaini na moja, imepigwa kwa simu. Ilimhusu Getrude, dada yake Albina, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa mwaka juzi, akabebwa kwa machela kwenda hospitali mjini Mbinga kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa limepakia kahawa ya diwani. Alifia mlimani. Nafasi ya marehemu iliigizwa na marehemu mwenyewe. Mwigizaji wa mjini alitaka nauli ya kwenda na kurudi. Getrude alikuja kwa miguu kila saa kumi jioni, na hakula chakula cha mtu. Kasoro yake moja: aliwasahihisha wenzake. "Hapa mlitukana," aliwaambia wabebaji. "Msijifanye watakatifu."

Albina aliifanya ichekeshe makusudi. Wakicheka watakaa mpaka mwisho, wakifika mwisho watakasirika, na wakikasirika gari litarudi kazini. Alikuwa na haraka. Mdogo wao, Emiliana, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ukumbi ulicheka. Ulicheka wabebaji walipogombania upande wa miguu, ukacheka gari lilipopita na magunia, dereva akipunga mkono. Pankras, Mngoni, mtani wa kijiji kizima, alisimama mbele ya kitambaa cha kuonyeshea filamu akamwiga marehemu anavyohema, kama mtani anavyotakiwa kufanya msibani, akapewa kuku. Getrude alikaa benchi la mbele. Watoto walimwamkia.

"Pankras, mie sikuhema hivyo."

"Ulihema vibaya zaidi, mke wangu. Nakusitiri tu."

Hata yeye akacheka. Diwani, mgeni rasmi, alicheka mpaka akatoa leso. Akasema filamu inaelimisha jamii.

Ugali ukaliwa. Mzee Valeriani, msemaji wa ukoo, akawashukuru waliokuja, akatangaza kwamba tanga limeanuliwa, habari ya Getrude isirudiwe tena. Watu wakaitikia, wakaanza kutafuta sufuria zao.

"Babu, bado hatujazungumzia gari," Albina alisema.

"Mjukuu wangu, tanga likishaanuliwa unazungumza nini tena?"

Albina alimtafuta dada yake kwa macho. Getrude alikuwa uani anaosha vyombo.

Akaipeleka filamu Mkumbi, akaipeleka na Mbuji. Kote walikuja na kuni. Kote walicheka pale pale, wakala, wakaanua. Msiba mmoja ulianuliwa mara tatu.

Uchungu ulimshika Emiliana Jumanne ya mvua. Albina akampigia dereva.

"Niko barabarani na mzigo, dada," dereva alisema. "Ila ile filamu yako, nimeipenda! Pale ninapopunga mkono, nyumbani kwangu wanakufa kwa kucheka."

Wabebaji walikuwa sita, na njia yote tope. Kilomita ya saba mtoto alizaliwa chini ya mwavuli, wa kike, mzima. Kilomita ya tisa Emiliana alinyamaza. Baada ya muda akateremka, akakaza khanga yake, akamwambia Albina amfunike mtoto kichwa vizuri. Mwili wake ulibaki kwenye machela, na sasa ulitakiwa kurudishwa nyumbani, kilomita zile zile tisa. Getrude alikuwa ameshika mti wa nyuma tangu mtoni. Emiliana akashika ule wa pili, pembeni yake. Vijana walikuwa hoi, wakashukuru kupokewa.