Kaburi la Luteni Odindo

Mwaka wa 1969, katika chumba cha kupanga mtaani Kaloleni, Kisumu, luteni mstaafu Joram Odindo alikuwa akiandika kumbukumbu zake za vita vya shifta, waasi wa kaskazini mwa Kenya. Habari za Wajir zilimtoka bila shida: kiu, mabomu ya barabarani, na wafugaji wa ngamia waliomwokota na risasi pajani, wakamficha na kumlisha maziwa miaka miwili, wao ambao alitumwa kuwapiga. Watu gani hao! Ila akifika sura ya kurudi nyumbani, mkono ulikataa.

Maana alirudi akakuta ameshazikwa.

Habari zilikuwa zimefika kwamba ameuawa na mwili haukupatikana. Wajaluo hawamwachi mtu wao akitangatanga. Mwili ukikosekana huzikwa tunda la mti wa yago, refu na zito, badala yake. Nduguye Absalom alilizika, watu wakalia, na baadaye akamrithi Aoko, mke wa Joram, aliyehesabiwa mjane. Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo lililomchoma Joram: hakuwa na wa kumlaumu.

Siku aliyorudi alisimama langoni mwa boma lao kando ya ziwa, kombati ikimpwaya. Mama yake, Dorca, alitoka, akamwona, akaja hadi langoni. Lango hakulifungua.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe, nyathina. Mama atakosa kujua mtoto yake?"

"Basi fungua. Tufukue hiyo tunda, tutupe, mambo iishe."

"Kaburi ikifunguliwa haikai bure, Joram. Itataka mtu."

Akageuka kumtazama Aoko, aliyesimama mlangoni na kitoto kichanga cha Absalom kifuani. Aoko alilia tu, hakuthubutu kusogea.

Joram alikuwa mtu wa shule. Mambo ya kaburi kutaka mtu aliyaona upuuzi mtupu. Lakini alikitazama kile kitoto, akawaza: na kikiugua kesho? Nani angemwelewa? Moyo ulimvunjika palepale. Angeweza kuuruka ua ule kwa urahisi, na hakuuruka.

"Sasa niende wapi, Mama?"

Dorca alipitisha mkono juu ya lango, akampapasa shavu polepole.

"Nenda Kisumu. Na siku utakufa, waambie wakuzike huko huko. Hapa tulishakuzika."