Shukrani Kabla ya Picha ya Pili

Mdomo wangu una haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyomuua baba yangu. Watu wananikataza kusema hivyo. Nasema.

Baba, Mzee Elisaria Sumari wa Kikatiti, alikuwa hamalizi kupogoa mistari mitatu ya kahawa bila kusimama, mkono kifuani. Mwaka 2008 nilimvusha mpaka wa Namanga hadi Nairobi, kwa wataalamu wa moyo. Wakampiga picha ya mishipa, daktari akaniita peke yangu, akanionyesha mmoja uliobanwa.

"Hapa inaonekana umebanwa nusu," alisema. "Lakini picha hii inaonyesha damu inavyopita tu. Mafuta yaliyojaa kwenye ukuta wa mshipa hatuyaoni. Kuna kifaa chembamba kinachopitishwa ndani ya mshipa wenyewe, kinapiga picha kwa mawimbi ya sauti. Mtaalamu wake anakuja baada ya wiki mbili. Mrudishe tarehe kumi na nane, tujue kama anahitaji kuzibuliwa."

Nilielewa kila neno. Mimi ni mwalimu, siwezi kusingizia ujinga. Ila mama alipopiga simu akilia, nikamwambia, "Picha imetoka nzuri, mama. Hata baba nitamwambia hivyo hivyo." Na baba nikamwambia hivyo.

Mama akaenda moja kwa moja kwa mchungaji. Jumapili ikawa ibada ya shukrani. Alitoa ndama jike, jogoo wawili na mikungu ya ndizi, vyote vikanadiwa nje ya kanisa. Baba akasimama mbele ya usharika, kofia mkononi, akasema Mungu amemponya. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Ningeweza kumvuta pembeni mapema. Niliona aibu, nikapiga makofi na wenzangu.

Tarehe kumi na sita nilimkuta shambani peke yake.

"Shikamoo baba. Kesho tunakwenda Nairobi, kuna kipimo cha ndani ya mshipa."

"Marahaba. Kipimo cha nini? Si nimepona?"

"Hujapona, baba. Niliwadanganya. Daktari hajui bado kama umebanwa nusu au zaidi."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ungeniambia kabla sijasimama kanisani," alisema. "Sasa nimeshashukuru mbele ya watu. Nikirudi hospitali, nitakuwa nimemshukuru Mungu kwa mzaha."

Nilimbembeleza siku mbili. Tarehe kumi na tisa daktari alinipigia. Mgonjwa mwingine mwenye picha kama ya baba alipimwa kwa ndani, akakutwa amebakiwa na upenyo mdogo sana. Wamemwekea kijibomba cha kuupanua mshipa, na sasa anakunywa uji. Nikakimbia kumweleza baba.

"Mungu ashukuriwe kwa ajili yake," alisema, akaendelea kupogoa.

Alifariki tarehe ishirini na mbili, kati ya mistari ya kahawa.

Baba mdogo ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu, mimi nikapewa niusome mazikoni kwa kuwa nimezoea kusimama mbele ya watu. Nikasoma kuzaliwa kwake, kipaimara, ndoa, watoto sita. Kisha nikasoma: "Aliugua moyo, akatibiwa Nairobi, akapona."

Niliinua macho, nikamtazama mama. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekumbuka siku nzuri. Ndipo nilipojua kwamba baba hakumwambia kuhusu uongo wangu. Alikuwa amenisitiri hadi kaburini, na mimi nilikuwa nimesimama pale na karatasi mkononi, watu wakisubiri.

Nikasoma mstari uliofuata.