Chumba Kilichozimwa

Noella alianza kumshuku mwajiri wake asubuhi ile alipojumlisha urefu wa vyumba vya kituo cha afya, akakuta ukuta wa nje unauzidi. Pengo lenyewe lingetosha mtu kulala na kunyoosha miguu.

Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi ndogo mtaani Kasenga, na kazi yake yote ilikuwa kwenye kompyuta. Enjenia Bonaventure, mwenye ofisi, alikuwa amekwama Lemera tangu vita viteremke tambarare ya Ruzizi, na simu zilikuwa hazishiki. Kituo hicho cha afya, kilicho nyuma ya soko, alikijenga yeye.

Ndani ya kompyuta mchoro hupangwa kwa matabaka: kuta zina lao, mabomba lao, umeme lao. Kila tabaka lina alama ya taa pembeni. Ukiizima taa, vilivyomo hutoweka machoni, lakini havifutiki. Vipo palepale, vinamngoja atakayewasha. Noella alizipitia taa. Zote zilikuwa zinawaka. Basi aliyeficha alikuwa mjanja zaidi: hakugusa tabaka, alificha mistari michache tu. Noella akatoa amri ya kuonyesha kila kilichofichwa. Nyuma ya stoo ya dawa kikajitokeza chumba chembamba kisicho na dirisha, mlango wake umechorwa nyuma ya rafu.

Mtaani walikuwa wakinong'ona kwamba gari la Bonaventure hupita vizuizini bila kupekuliwa. Bunduki, aliwaza Noella. Akakificha tena kile chumba, akafunga mchoro.

Adhuhuri hiyohiyo akaingia mgeni, shati limepigwa pasi, mkononi karatasi ya shirika la kukarabati vituo vya afya. Alijitaja kuwa Déogratias. Noella alipomtolea nakala ya ramani, hakuigusa.

"Karatasi hapana," alisema. "Niko nahitaji ile ya mu mashini, yenyewe. Karatasi inaonyesha tu kile mutu anapenda ionekane."

"Patron hayuko, papa," alijibu Noella, akimaanisha Bonaventure.

"Patron wako iko anaficha vitu. Weye haujui?" Sauti yake ilikuwa ya upole. "Minye sitaki uingie mu maneno yake."

Noella alikuwa amewaza hivyohivyo, na hilo ndilo lililomtisha. Mkarabati huuliza paa linavuja wapi. Huyu hakuuliza paa. Nani alimwambia kuna kilichofichwa? Akamdanganya kwamba betri za sola zimekwisha nguvu, arudi jua likipungua, zikishajaa. Déogratias akavuka barabara, akaketi kibandani akiuelekea mlango wa ofisi. Noella akatoka kwa mlango wa uani.

Kwenye kituo cha afya alimkuta Mama Élisabeth, muuguzi mkuu, akifunga vidonge kwenye vikaratasi.

"Mama, nyuma ya ile rafu kuna nini?"

"Ukuta."

Ndani ya ukuta mtoto akakohoa.

Mikono ya Élisabeth ikasimama. "Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nimeona chumba mu plan. Na kuna mutu mwengine anakitafuta."

Élisabeth alimpima kwa macho kama ni wa kumwamini au wa kumwogopa, kisha akasukuma rafu. Ndani alikaa mama mmoja, Uwimana, na watoto wake. Mumewe alilala chini, paja limefungwa bendeji. Walikuwa wafugaji kutoka Bijombo, milimani. Huko juu kila upande uliwaona wapelelezi wa upande mwingine, na huku mjini kulikuwa na vijana wenye silaha waliowasaka. Bonaventure alikuwa amewaweka hapo hadi njia ya Burundi ipatikane. Hata baada ya kuyasikia hayo, Noella aliinua pembe ya mkeka atazame chini. Hakukuwa na bunduki. Kulikuwa na ndoo, bidoni za maji na sahani za bati.

"Nikikificha tu, atakiwasha," alisema Noella. "Nikikifuta, atajiuliza ukuta mnene vile ni wa nini. Heri aone kitu. Nitachora tangi ya maji ya mvua. Wakija, mama, iwe tangi."

"Tangi bila robine ya kutoa maji?" Élisabeth akauliza, na palepale akaagiza fundi Cyprien aitwe.

Mgeni aliporudi, aliketi mwenyewe mbele ya kompyuta. Aliwasha taa zote, akatoa amri ya kuonyesha vilivyofichwa. Hakikutokea kitu. Kidole chake kikatua juu ya tangi.

"Tangi ndani ya nyumba?"

"Ya inje wanaiba, papa. Ni vita."

"Hapa inaandika mchoro uliguswa leo."

"Niliufungua nikutolee ile karatasi."

Alinakili mchoro, akasimama. "Tutaonja hayo maji."

Kesho yake alikwenda kituoni na watu wenye bunduki. Élisabeth ndiye aliyemsimulia Noella baadaye. Déogratias alifungua robine ambayo Cyprien alikuwa ameipachika ukutani jioni, saruji yake imepakwa majivu isionekane mbichi. Kavu. Akaugonga ukuta kwa kitako cha bunduki. Ndipo maji yakaanza kutiririka, membamba, ya vuguvugu. Upande wa pili Uwimana alikuwa ameegemeza bidoni kwenye bomba kwa mkono mmoja, na mwingine ameuziba mdomo wa mtoto. Déogratias aliyanusa, akanawa mikono, akaondoka na watu wake.

Wale wafugaji walivuka hadi Burundi wakiwa hai wote, baba akichechemea.

Bonaventure aliporudi kutoka Lemera, alifungua mchoro kabla hata hajavua koti.

"Nani alifuta chumba?"

"Minye." Noella akamweleza yote, isipokuwa kwamba alimshuku kuficha bunduki.

"Na kabla ya kufuta, ulikionyesha nani?"

"Hakuna, patron."

Aliitika kwa kichwa, akamshukuru. Lakini tangu wiki ile kompyuta ilidai neno la siri, na Noella hakupewa. Kila asubuhi aliketi mbele ya kioo cheusi akimngoja Bonaventure aje amfungulie, na pikipiki ikipunguza mwendo nje, aligeuka dirishani kutazama kama ni Déogratias.