Sumaku ya Wifi

Mimi sisahau. Waulize wote waliofanya kazi kwenye lile duka, watakwambia: Redio anakumbuka. Redio ni mimi, jina nililopewa kwa sababu ya mdomo. Nakumbuka siku walipoondoa benchi la stoo wakasema linakwenda kupakwa rangi. Nakumbuka mwaka wa tatu walipochukua makoti ya kazi yakafuliwe; mpaka leo yanafuliwa. Nakumbuka siku waliposimamisha geti mlangoni, zile nguzo mbili nyeupe zinazolia kitu kikipita hakijalipiwa, wakatuambia ni kwa ajili ya wezi, sisi tusiwe na wasiwasi. Wiki ya pili mlinzi akapewa kitabu, na majina ya kwanza kuandikwa humo yakawa yetu.

Tulikiita kitabu cha vilio. Sheria yake: mfanyakazi akitoka geti likalia, anaandikwa. Akifikisha vilio vitatu kwa mwaka, anakwenda zake. Wale wa kaunta, wanaoaminiwa, kilio kimoja tu kinawatoa kaunta. Hakuna kuuliza imekuwaje. Geti lenyewe tulilibatiza Mama Mkwe, kwa kuwa halihitaji sababu ya kupiga kelele.

Kazi yangu ilikuwa stoo, kuvalisha bidhaa alamu. Mashati na suruali yanapigwa kile kidude kigumu cha plastiki chenye pini. Soksi, mikanda na vipodozi vinabandikwa kibandiko cha karatasi, cha mraba, kama stempu. Miaka tisa, wima, vidole vimeota sugu mpaka kwenye kucha. Vibandiko vinakuja kwenye roli, na roli ina ubishi, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mtindo wake. Mimi nilivibandua kumikumi, nikakunja kona moja ya kila kimoja ili nipate pa kushikia, nikavipanga kwenye mkono wa kushoto wa blauzi, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko, kama vyeo vya jeshi. Halafu nikaviokota kimoja kimoja. Stoo nzima hakuna mwingine aliyekunja kona. Ukiona kona imekunjwa, ujue kimepita mikononi mwangu.

Sasa, alamu iliyofungwa lazima ifunguliwe, na hiyo ndiyo kazi ya kaunta. Mtu wa kaunta anapewa sumaku, duara zito la chuma, linaning'inia kiunoni kwa mnyororo. Unaweka nguo juu yake, pini inaachia: tak. Pembeni kuna kibao cheusi. Kibandiko kikipita juu yake kinakufa, geti halikijui tena. Na kaunta, ndugu zangu, kuna kiti. Kiti chenye mgongo. Kinazunguka.

Mwaka jana nafasi ya kaunta ilipotokea, kila mtu alijua ni yangu. Meneja akampa wifi yangu.

Wifi huyu ni mke wa kaka yangu, na kazini nilimwingiza mimi, kwa mkono wangu huu. Alikuja hajui kidude cha alamu kinashikwa upande gani. Nilimfundisha kuchoma pini kwenye mshono ili nguo isitoboke. Miaka minne baadaye yeye amekaa, mimi nimesimama. Niliuliza sababu. Meneja akaniambia, huku akitabasamu, "Kaunta inataka mtu mtulivu."

Mtulivu! Kumbe miaka yote niliyopiga kelele kwa ajili ya benchi, makoti, na yule mama wa usafi aliyefukuzwa kwa kibandiko kilichonasa kwenye soli yake, nilikuwa namfagilia wifi njia.

Ningevumilia kama ingeishia kazini. Lakini tuliishi nyumba moja. Kaka, wifi na watoto wao upande wa mbele, mimi na mama chumba cha uani, tangu nilipoachana na mume wangu. Jioni wifi anarudi, anavua viatu, miguu haijavimba. Mama anamwita "mwanangu". Mimi, niliyemtoka tumboni, ananiita "wewe".

"Wewe, jifunze kwa mwenzio," aliniambia siku moja tukichambua mchele. "Miaka minne tu, kakalia kiti. Wewe miaka tisa unagombana na watu."

"Mama, hicho kiti nilimsogezea mimi."

"Basi ungekaa kwanza kabla ya kusogeza."

Wifi alicheka. Hakucheka kwa ubaya, nalijua hilo. Lakini donge halichagui kicheko. Likanikaa kooni, nikalala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kazini. Nikisikia tak ya sumaku kutoka kaunta, moyo wangu nao unafanya tak. Ilifika mahali nikawa nawahesabia wateja wanaomwambia asante. Mimi nani aliwahi kuniambia asante? Soksi?

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa siku moja kabla ya mkutano. Baada ya miezi ya kusukumana, meneja alikubali kukutana na wafanyakazi wote kuhusu kitabu cha vilio, na msemaji wao nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeandika kila kilio na tarehe yake. Mimi mwenyewe nilikuwa na vilio viwili mwaka ule, vyote vya vibandiko vilivyonasa kwenye nguo zangu. Kimoja zaidi, na ningefukuzwa karatasi zangu zikiwa hazijasomwa.

Na siku hiyo hiyo, mchana, niliingia chumba cha kubadilishia nguo, nikaona mkoba wa wifi kwenye rafu. Zipu wazi. Hanchifu yake imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama yeye mwenyewe.

Nilikuwa na vibandiko mkononi. Nikaokota kimoja, nikakibandika ndani ya mfuko wa pembeni, chini ya hanchifu.

Sikutaka afukuzwe. Naapa. Nilitaka avuliwe tu ile sumaku. Kilio kimoja, arudi stoo, asimame na mimi. Naye aote sugu. Niliitumia sheria ile ile niliyokuwa nimeiandikia karatasi nne kuipinga. Wivu ukiuweka kwenye mizani na msimamo, usidanganyike: msimamo ni mwepesi kama pamba.

Saa ya kutoka tulipanga mstari mlangoni kama kawaida. Mlinzi, tuliyemwita Kobe kwa namna alivyoirefusha shingo, alikaa pembeni na kitabu chake mapajani. Nilijipanga mbele ya wifi. Nilitaka niwe nimeshapita, nigeuke, nimwone vizuri usoni Mama Mkwe akimlilia.

"Wifi, leo una haraka," akasema nyuma yangu.

"Miguu inauma. Sisi wengine hatuna viti."

"Haya, tangulia, mwenye miguu."

Nikapita. Mama Mkwe akalia.

Nikatazama mkono wangu wa kushoto. Kwenye kiwiko, mahali macho hayafiki, kibandiko kimoja kimekaa kimetulia, kona imekunjwa. Siku zote nilikuwa naviokota kutoka kwenye kifundo kwenda juu, hadi cha mwisho. Mchana ule nilirudi na hasira zangu, nikachukua roli mpya na kuanza upya, nikakisahau cha kiwikoni. Mchimba kisima, wanasema. Mimi sikuchimba tu, nilijipimia na upana.

Wifi alikuwa nyuma yangu nusu hatua, naye tayari kati ya nguzo. Geti halijui majina, linajua kulia tu. Kobe akainua shingo. "Nani huyo?"

Kabla sijafumbua mdomo, nikahisi vidole kwenye kiwiko changu. Vyepesi. Wifi akanyoosha kiganja mbele ya Kobe, kibandiko kikiwa katikati yake.

"Ni mimi. Kimetoka kaunta, sikukiona."

"Wewe? Wewe wa kaunta?"

"Kwani wa kaunta hana nguo? Andika, watu wanataka kwenda kwao."

Kobe akalamba ncha ya kalamu, akaandika. Akanyoosha mkono, na wifi akafungua mnyororo kiunoni akampa ile sumaku. Mwaka mzima nimeisubiri dakika hiyo. Imekuja, haina ladha.

Tulitembea mpaka tukavuka barabara. Mkoba wake haukuwa umelia. Nilikuwa najiuliza kwa nini, akaufungua, akatoa hanchifu. Kibandiko kilikuwa kimenasa katikati ya ua lililotariziwa.

"Nilipiga chafya saa tisa," akasema. "Nikaenda kuchukua hanchifu, nikakikuta. Nikakipitisha kwenye kibao, kikafa. Nani mwingine anakunja kona, wifi?"

Nilitafuta neno. Redio nzima, haikushika stesheni hata moja.

"Sasa kwa nini umenibeba?"

"Kesho unatusemea. Ungeandikwa leo, kesho angetusemea nani? Mimi mtulivu?" Neno hilo alilitema kama mbegu ya ndimu. Kumbe nalo lilimchoma. "Lakini usidhani nimekusamehe. Nimekuwekea kiporo."

Akakibandua kile kibandiko kilichokufa, akakitia nyuma ya kadi ya kitambulisho chake, kwenye ile plastiki ya kifuani, kona iliyokunjwa ikichungulia. Akafunga mkoba, akatangulia.

Usiku ule hakumwambia mama. Hakumwambia kaka. Alinipakulia chakula kwanza. Hapo ndipo nilipomchukia kuliko siku zote. Alikuwa amenipita kwa kiti, kwa mama, sasa na kwa wema. Aniachie basi kitu kimoja na mimi!

Asubuhi tulikusanyika stoo kabla duka halijafunguliwa. Meneja alisimama juu ya kreti, mikono nyuma. Nilisoma karatasi zangu. Mama wa usafi. Dereva wa mizigo. Yule dada mjamzito aliyesimamishwa mlangoni saa nzima. Watu waliguna mahali pa kuguna. Nilikuwa naunguruma, sikufichi.

Meneja alingoja nimalize. "Vizuri. Sasa nipe mmoja tu ambaye geti limemsingizia. Hao wote walikutwa na kibandiko, si ndiyo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kibandiko hakina miguu. Hakimfuati mtu."

Alikuwa amenishika. Niliitazama karatasi, karatasi ikanitazama. Nilijua jibu. Jibu lilikuwa mita mbili kutoka kwangu, nyuma ya plastiki, kifuani kwa wifi. Kibandiko hakihitaji miguu kama kuna mtu wa kukipandikiza. Hilo tu lingelibomoa lile geti lote.

Lakini kulisema ni kujichinja.

Ndipo nilipomwona wifi ananyanyua mkono. Polepole, kwa ule utulivu wake, vidole vya mkono mwingine tayari viko kwenye kitambulisho. Nikaiona picha yote: ataongea maneno sita, kwa sauti ndogo, na watu watanyamaza wamsikilize. Atakuwa ameshinda kesi niliyoihangaikia miaka yote. Mama atasikia.

Sitasema ni dhamiri iliyoniinua. Dhamiri ilikuwa imelala tangu jana. Ulikuwa wivu, ule ule, mbichi.

"Shusha mkono, wifi!" nikapiga kelele. "Hii ni yangu!"

Nikamgeukia meneja. "Hakina miguu, umesema. Kina mikono. Mikono hii." Nikainyoosha, sugu na zote. "Jana nilimtilia huyu kibandiko mkobani, avuliwe sumaku. Na kilicholiza geti jana jioni hakikuwa chake, kilikuwa changu, kwenye kiwiko changu. Kitabu chenu kimemwandika asiye na kosa mbele ya macho ya mlinzi wenu. Mimi nimeweza kwa sekunde mbili. Mwingine hawezi? Wewe mwenyewe, ukitaka kumtoa mtu, huwezi?"

Kobe alikuwa wa kwanza kuongea. "Kweli, mimi niliona kiganja tu. Mkono wa nani, sikuona."

Wifi akachomoa kibandiko nyuma ya kadi, akakiinua juu. "Angalieni kona," akasema. Stoo nzima ikaitambua, maana wote walikuwa wamenicheka kwa kona hizo miaka tisa. Ukapanda mguno ambao sijawahi kuupata kwa karatasi zangu zote.

Meneja alishuka kwenye kreti. Akasema kitabu kitafungwa mpaka jambo liangaliwe upya. Akasema wifi arudishiwe sumaku. Akasema mimi nikakusanye vitu vyangu.

Vitu vyangu vilikuwa kikombe na jozi ya ndala. Nilipofika mlangoni, Kobe hakuwa na kitabu mapajani. Mikono haikujua iende wapi.

"Pita, Redio," akasema.

Nikapita. Mama Mkwe kimya.

"Rudi upite tena," Kobe akanitania. "Labda hajakuona."

Nikarudi, nikapita tena. Kimya. Miaka tisa ananililia sina kosa, na siku ninayotoka na kosa langu kamili hata kukohoa hakukohoa.

Niligeuka. Kwa ndani niliwaona wamemzunguka wifi, wa stoo na wa kaunta pamoja, kila mmoja anaongea, mmoja amemshika bega, na yeye anaitikia kwa kichwa. Niliwasikia wanataka awe msemaji wao. Alinyanyua macho, tukaonana katikati ya zile nguzo mbili.

"Wifi!" akaita. "Zile karatasi niachie, zenye tarehe!"

Nilikuwa nimezibana katikati ya zile ndala mkononi. Nilizitazama, nikamtazama na sumaku yake kiunoni, na lile donge likapanda tena hadi kooni, kama kawaida yake.

Nikampa. Lakini nilichukua muda.