Barua Ndani ya Mfuko wa Msahafu

“Mama Rukaya, hivi mwanao siku hizi anapaka hina kwa mkono wa kushoto?” Tabia, jirani yangu hapa Mlingotini, aliniuliza tukianika mihogo.

“Mola akikupa miwili, utumie mmoja tu?”

“Haya, basi nasi tuazimeni huo wa akiba!”

Nikacheka naye, na huku najua. Kila alfajiri nilipoamka kuswali nilimkuta Rukaya anaukung’uta mkono wa kulia kama nguo yenye mchanga. Dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vilikuwa vinakufa ganzi. Naye ni mpambaji; maharusi mpaka wa Bagamoyo mjini humngoja yeye, kwa lile ua lake la piko jeusi lenye kikonyo chembamba kama unywele.

Nikasema ni husda. Maalimu akamwandikia kombe, aya za zafarani kwenye sahani, akawa anaziosha kwa maji na kuyanywa siku saba. Ganzi palepale.

Akaenda hospitali, akarudi na barua ya kwenda Dar kupimwa mishipa ya fahamu. “Wanapitisha umeme kidogo mkononi, Mama, waone unafika vidoleni kwa kasi gani.”

Umeme. Baba yake, Kitwana, alikufa ameshika waya wa pampu ya maji. Mimi ndiye niliyemkunjua ile ngumi.

Alipoingia kuoga niliichukua barua, nikaitia katika mfuko wa Msahafu wa marehemu, usioguswa na mtu ila mimi. Akapekua nyumba nzima.

“Mama, hujaiona?”

“Sijaiona, mwanangu. Labda Mungu hajataka.”

Nilisema hivyo tasbihi iko mkononi. Uongo wangu nikamtwisha Mola. Rukaya akaniamini, akarudia kombe.

Ikapita miaka miwili. Gumba likawa halishiki koni ya hina, nyama ya chini yake ikabonyea. Akarudi hospitali mwenyewe, akapewa barua nyingine, nami nikamsindikiza Dar, mfuko wa Msahafu kifuani.

“Shikamoo mama, kaa hapa,” alisema Fiza, binti anayepima. Akambandika Rukaya vibandiko vyenye nyaya vidoleni, akamgusa kifundo cha mkono kwa kidude. Kidole kikaruka chenyewe. Nikafumba macho, nikasoma Ayatul Kursiy.

“Inauma?” niliuliza.

“Kama sisimizi, Mama! Fumbua macho.”

Sisimizi. Hicho ndicho nilichokiogopa miaka miwili.

Fiza alitazama mistari kwenye kioo cha mashine, akarudia kupima, akamwita daktari. Daktari akambonyeza Rukaya chini ya gumba.

“Mshipa umebanwa hapa kwenye kifundo, dada. Umeme unafika umechelewa, tena hafifu. Tukikupasua, mshipa utapata nafasi, na ganzi huenda ikapungua. Lakini nguvu ya gumba siwezi kukuahidi. Mbona mmechelewa hivi?”

“Nilipewa barua zamani, ikapotea,” Rukaya alijibu. “Mama yangu huyu ni shahidi.”

Shahidi. Nikafungua mfuko, nikatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, nikamwekea mapajani.

“Haikupotea, mwanangu. Niliogopa. Baba yako…”

Aliikunjua kwa mkono wa kushoto, akaitazama tarehe. Akabandua kibandiko cha mwisho kidoleni, akakiweka juu ya barua, akanirudishia vyote viwili. Kisha akajifunga mtandio wake vizuri, akafungua mlango, akatoka.