Nywele za Utosini

Raymundi alikuwa na miezi sita anaotesha nywele, na tangu zilipoanza kuonekana hakuna mtu pale kijijini Usoke aliyemwacha apumue.

Chanzo kilikuwa msiba wa mkewe, Eustadia. Kwa akina Eustadia, huko Lusu, mume akifiwa hunyolewa mara mbili: siku ya tatu baada ya maziko, na tena mwaka unapotimia. Wembe huanzia utosini, na nywele za utosini ndizo zinazofukiwa kando ya kaburi, maana hizo ni za marehemu. Za pembeni hutupwa. Siku ile ya tatu Mhoja, dada mkubwa wa Eustadia, alipitisha wembe utosini kwa shemeji yake, akautazama, akaupitisha tena. Hamna kitu. Upara wa Raymundi ulianza kung'aa angali kijana wa miaka thelathini.

"Basi," Mhoja akasema, akifuta wembe kwenye kanga yake. "Huyu hana cha kumpa."

Watu wakaguna. Wawili watatu wakacheka chini chini. Zikafukiwa nywele za watoto, za wajomba, hata za jirani aliyekuja tu kusaidia kuchimba. Za mume hazikuwemo.

Raymundi aliishia darasa la nne, lakini kukumbuka hakuhitaji cheti. Alikumbuka gari la wagonjwa lililolala siku nzima bila mafuta huku Eustadia anatokwa damu, na gari jingine, la mkubwa mmoja, likipita na vumbi lake kwenda kukagua choo cha shule. Hilo alikuwa nalo moyoni tayari. Sasa akaongezewa la wembe. Hili la pili angalau aliona lina dawa: mwaka utakapotimia, lazima utosini pawe na kitu cha kufukia.

Februari akasikia redioni kwamba dawa ya kweli ipo, ya maji, ya kupaka. Akapanda gari mpaka Tabora mjini, akaingia duka la dawa karibu na soko. Aliyeuza pale aliitwa Najiat.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka dawa ya kuotesha nywele. Ya hospitali, si ya mizizi."

Najiat hakucheka, na kwa hilo peke yake Raymundi alimheshimu. Akamtolea kichupa chenye mrija. "Hii ni minoxidil. Mrija mmoja asubuhi, mmoja jioni, kwenye ngozi kavu. Isiloweshwe kwa masaa manne. Na uvumilie, baba. Miezi minne ndipo utaona."

Ngozi kavu! Ule ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Raymundi alipaka asubuhi, akaingia kwenye bani, lile banda la kukaushia, kuchochea kuni, na kabla moto haujakolea dawa yote ilikuwa imeteremka na jasho mpaka machoni. Alilia machozi mbele ya majani ya tumbaku kama mtu aliyefiwa upya. Ikabidi apange zamu zake za kuchochea moto kwa saa za dawa. Wiki ya tatu, hata zile nywele chache za kuzunguka upara zikaanza kudondoka. Akazifunga kwenye karatasi, akarudi mjini.

"Nimekuja kuotesha, mwanangu, wewe unaning'oa!"

"Baba, hizo za zamani zinapisha mpya. Ni wiki chache tu. Imeandikwa kwenye karatasi ya ndani."

"Karatasi ipi? Hii ya Kizungu? Bungeni Kiswahili, mahakamani Kiswahili, dawa ya kichwa changu inakuja na lugha ya watu. Nani alikaa ofisini akasema hii ni sawa?"

"Si mimi, baba."

"Najua si wewe. Wewe wamekuweka hapo utukanwe kwa niaba yao."

Akaendelea kupaka. Juni ukatoka unyoya, laini kama wa kifaranga. Hapo ndipo kijiji kilipomgeukia. Jirani yake Tobias alikuwa akimwona tu anapaza sauti: "Bwana harusi! Huyo binti ana miaka mingapi hata utake nywele?" Kanisani kinamama walimpisha kwenye benchi huku wanakonyezana. Raymundi aliona akieleza ataonekana mwehu, asipoeleza ni mhuni. Akachagua uhuni.

Agosti mwaka wa msiba ukatimia. Mhoja na kaka yake Mahona wakafika kutoka Lusu. Mhoja akaingia ndani kufagia, akatoka ameshika kichupa. Akamtazama shemeji yake kichwani. Akatazama tena kichupa.

"Mahona, njoo uone. Dada yako bado yuko na joto kaburini, huyu anajipaka dawa za ujana!"

Mahona alikuwa hata hajanywa maji. "Kumbe tumekuja kumaliza msiba alioumaliza zamani. Hatunyoi mtu hapa. Tukimnyoa tunamfungulia mlango aoe. Beba mzigo, dada, turudi."

"Shemeji, kaa chini," Raymundi akamwambia Mhoja.

"Nikae nikupambe?"

"Kaa chini nimesema!" Sauti ilimtoka mpaka kuku wakatawanyika. "Ulisema sina cha kumpa. Mbele ya watu, siku ya tatu. Macho yangu yameungua kwenye bani kwa ajili ya neno lako. Nimeitwa bwana harusi kijiji kizima. Leo nina cha kumpa, unafunga mzigo!"

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Shemeji, wallahi tena, sikumbuki."

Raymundi akaketi kwenye kigoda kwa kishindo. Mwaka mzima! Na mwenye neno hakumbuki.

Mhoja akaweka kichupa chini, akafungua pochi, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake.

"Inama. Na usipumue, zitapeperuka."

Ziliposhuka hazikujaza hata kiganja. Mahona alikinga upepo kwa mwili wake wote njia nzima mpaka kaburini, akachimba kishimo kwa vidole. Mhoja akazimwaga polepole.

"Mwambie mwenzio neno," Mahona akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Raymundi akapiga magoti. Alitaka kusali, lakini sala haikuja.

"Eustadia," akasema, "ni hizi tu. Ningengoja mpaka wakubwa wanisaidie, kama tulivyolingoja lile gari, ungekaa hivyo hivyo bila kitu."

Akasukuma udongo kwa mikono miwili, akaushindilia mpaka viganja vikauma.