Picha ya Ishirini na Tisa

Mwalimu wa sayansi alizoea kusema mwezi haufundishiki kwa chaki. Kwa hiyo Jumatano ile aliziba madirisha ya darasa la tano kwa mablanketi, akawasha taa ya mezani iwe jua, akachomeka mpira mweupe kwenye kijiti, na simu akaiegemeza kwenye rundo la vitabu. Kila mtoto alisogeza mpira hatua moja na kurudi nyuma, mwalimu akapiga picha. Zikiunganishwa, zingekuwa katuni: mwezi mwembamba kama ukucha, ukinenepa, ukikonda tena.

Watoto walikuwa ishirini na wanane. Picha ya siku ya ishirini na tisa ya mwezi, ile ya giza, mwalimu alikusudia kuipiga mwenyewe, lakini kengele ikalia, akaiacha.

Kesho yake akawaonyesha katuni ukutani. Mwezi ulipojaa, mmoja akasema, "Huyo kala cha wenzake," darasa likaangua kicheko. Kisha, mwishoni, ikatokea picha ambayo hakuipiga: mpira mweusi tii, na mkono mdogo umekishika kijiti. Nyuma ya kiganja palikuwa na kovu la kuungua kwa pasi.

Kicheko kikakatika.

"Nani alirudi humu jana?"

Mwalimu akatazama dawati la mbele, alipokaa pacha mmoja, peke yake tangu mwenzake afariki wakati wa likizo. Mikono ya mtoto huyo ilikuwa juu ya meza, laini, haina kovu.

"Ni dada," alisema, kwa sauti ya kawaida tu. "Ilikuwa zamu yake. Si ulisema, mwalimu, siku ya giza mwezi haujaenda popote, umetupa kisogo tu?"

Wakati wa mapumziko mwalimu akaifuta picha ile. Alipoifungua katuni tena, mkono ulikuwepo, nao umesogea karibu zaidi. Hakuthubutu kuufuta mara ya pili.

Mama alipokuja kumchukua mtoto, mwalimu alisita, kisha akampa simu.

"Samahani, mama. Sijui kama nafanya vyema. Tazama mwisho."

Mama alitazama. Hakulia. Alipitisha kidole juu ya lile kovu, taratibu.

"Nilimkataza asiiguse pasi," alisema. "Siku ile nilimgombeza mno." Akamsogezea mwalimu simu. "Irudishe mwanzo, mwalimu."

Mwalimu akairudisha katuni. Wakasimama pale mlangoni, mtoto katikati yao, wakaitazama tena na tena mpaka chaji ikaisha.